Kabla ya Bei ya Kipande, Wino Utashika Wapi?

Kikundi cha kubangua korosho kutoka Ziwani, au viongozi wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) wanaotafuta fulana za doria, wakifika kwa mchapaji mjini Mtwara huanza na swali lilelile: kipande kimoja shilingi ngapi? Ni swali la haki, ila limewahi mno. Bei haina maana mpaka ijulikane wino utakaa juu ya kitu gani na kitu chenyewe kitatumikaje. Kwa hoja yangu, kinachochapwa na kazi yake ndivyo viamue njia. Idadi ifuate, na bei ije mwisho. Tazama mfuko mbadala, ambao kila mwenye duka ameutaka na jina lake tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini. Mingi inayofanana na kitambaa ni ya polipropilini, inayoyeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi. Sablimesheni, yaani kuugeuza wino kuwa mvuke ili uzame ndani ya kitambaa, hutaka karibu nyuzi 200. Mfuko huo ukibanwa kwenye mashine ya sablimesheni utayeyuka kabla jina halijashika, hata kama mchapaji ametoa bei ya kutupa. Unataka skrini, yaani kusukuma wino kupitia wavu uliokazwa kwenye fremu, na wino unaokauka bila moto mkali.

Sablimesheni yenyewe si mbaya. Kwa jezi za poliesta nyeupe sioni kinachoishinda: rangi huingia ndani ya uzi, haimenyeki, na picha haina uzito. Lakini wino wake hushikana na poliesta, si na pamba, na rangi nyeupe hauna kabisa. Kwa hiyo fulana nyeusi ya pamba tuisahau. Kwa pamba, kanga inatosha kuwa ushahidi. Hufuliwa, hufikichwa na kuanikwa juani miaka na miaka, na rangi yake haibanduki kwa sababu iko ndani ya nyuzi. Fulana ya mtu anayeshinda kwenye ngalawa, akipigwa na jasho, chumvi na jua, inataka tabia hiyohiyo. Skrini yenye wino wa maji huikaribia. Wino wa plastiki hukaa juu ya kitambaa, lakini nao hudumu ukiivishwa sawasawa, takriban nyuzi 160. Chapa nyingi zinazopasuka baada ya kufuliwa mara chache hulaumiwa wino, kumbe hazikuiva. Ivute chapa kidogo kwa vidole kabla ya kulipa; ikipasuka papo hapo, irudishe.

Mtu atasema siku hizi kuna DTF, yaani kuchapa kwenye filamu kisha kuihamishia picha kwenye kitambaa kwa joto, inayoshika pamba, poliesta na mchanganyiko wake, kwa rangi zote, na skrini imepitwa na wakati. Kwa oda ndogo ana hoja. Tuseme fremu moja ya skrini ni shilingi 20,000 na nembo ina rangi nne. Kila rangi ina fremu yake, hivyo zimekwenda 80,000 kabla fulana ya kwanza haijaguswa. Kwa fulana 10, kila moja imebeba 8,000 za fremu tu. Kwa fulana 200, imebeba 400. Mwenye fulana 10 aende DTF bila aibu. Lakini DTF ni utando wa plastiki uliogandishwa kwa gundi, na ukifunika mgongo mzima kwenye joto la Mtwara, jasho halina pa kutokea. Nembo ndogo kifuani, sawa.

Pingamizi zito zaidi ni la mfuko wa fedha: kikundi chenye kidogo kitaachaje kuanza na bei? Kianze nayo, ila kiigawe kwa muda wa matumizi. Fulana ya maandamano ya siku moja haina haja ya kudumu, na hapo rahisi ndiyo sahihi. Ya doria ya msimu mzima ikichapwa upya mara mbili, urahisi umekwisha.

Korosho ndiyo inayotaka hesabu kali. Ina mafuta, na hewa na unyevu wa pwani huiharibu, kwa hiyo pakiti lazima izuie vyote viwili. Kuchapa moja kwa moja juu ya pakiti za namna hiyo kiwandani huhitaji silinda au bamba kwa kila rangi, gharama inayolipa kwa oda kubwa tu. Kikundi kidogo kinunue pakiti tupu nzuri, kibandike lebo ya plastiki kwa nje, mbali na chakula. Ile ya karatasi ya kawaida hunywa mafuta na kuchakaa mikononi mwa mnunuzi. Na tarehe ya mwisho wa matumizi isichapwe pamoja na nembo. Iachiwe nafasi tupu, igongwe muhuri kila mzigo unapofungwa, la sivyo lebo zitakazobaki msimu huu hazitafaa kwa korosho za msimu ujao.