Kabla ya kulipia intaneti ya nyumbani Kigali

Umepanga nyumba Kigali na watoto wanahitaji intaneti ya masomo? Usianze na bei. Anza na nyumba.

Intaneti ya faiba, kama ya CanalBox au Liquid, hufungwa kwenye jengo. Uliza kama imefika mtaani kwako, na mwenye nyumba akubali kabla ukuta haujatobolewa. Ukihama, waya unabaki. Ruta ya 4G ya MTN au Airtel unahama nayo, ila kasi hushuka wengi wakiingia mtandaoni jioni.

Kisha muulize muuzaji:
- Siku ya kwanza nalipa jumla ya kiasi gani, pamoja na ruta na ufundi?
- "Bila kikomo" ina kiwango ambacho nikikifikia kasi inapunguzwa?
- Nikikosa pesa mwezi mmoja, inakatika tu au nadaiwa?

Video ya kawaida hula takriban GB 1 kwa saa. Kwa hiyo GB 30 ni saa moja tu kwa siku.

Jisajili kwa kitambulisho chako cha mkimbizi, si cha jirani. Mkikosana, laini ni yake. Tunza risiti, kampuni isipokusikiliza, peleka malalamiko RURA, simu 3988, bila malipo.