Je, Mwanadamu Aweza Kuhamia Sayari Nyingine?

Juma lililopita, katika darasa letu la baina ya Magharibi na Isha, kijana mmoja wa sekondari aliuliza: “Ustadh, nimesikia watu watahamia Mirihi. Basi hata ardhi hii ikiharibika, si tutakuwa na pa kwenda?”

Kabla sijajibu, baba yake, ambaye ni mchimbaji mdogo wa dhahabu, alisema: “Mwanangu, huko ni kama kushuka duarani. Utakaa muda ule tu ambao hewa inakufikia.”

Nimelitafakari jibu la mzee huyu, na naona limebeba elimu kubwa.

Sisi wa Shinyanga na Geita twajua maana ya kufanya kazi mahali ambapo mwili haukuumbiwa. Katika mgodi wa Bulyanhulu watu hushuka zaidi ya mita 1,000 chini ya ardhi. Mafeni makubwa huwasukumia hewa, pampu huondoa maji, na miamba huimarishwa isiporomoke. Mambo hayo yakikwama, wachimbaji hupandishwa juu, penye hewa ya Mwenyezi Mungu isiyolipiwa.

Mwezini hakuna “juu” ya namna hiyo. Hapana hewa, mchana joto hupita nyuzi 100, na usiku, ambao hudumu takriban wiki mbili zetu, baridi hushuka kupita nyuzi 100 chini ya sifuri. Watu 12 waliukanyaga baina ya 1969 na 1972, na waliokaa muda mrefu zaidi walikaa siku tatu na saa chache. Zuhura ina joto la kuyeyusha risasi. Titan, mwezi wa Zohali, una hewa nzito, lakini baridi yake ni nyuzi 179 chini ya sifuri.

Mirihi ndiyo inayotumainiwa zaidi. Safari yake huchukua miezi sita hadi tisa. Hewa yake karibu yote ni kaboni dioksidi, na mgandamizo wake haufiki asilimia 1 ya ule wa hewa yetu. Chombo cha Marekani kilichotua huko mwaka 2021 kilibeba mtambo mdogo uliofaulu kutoa oksijeni katika hewa hiyo. Ni hatua ya kusifiwa. Lakini hadi 2023, katika majaribio 16, ulipata gramu 122 tu. Mtu mmoja hutumia takriban gramu 840 kwa siku. Basi jumla hiyo ingemtosha mtu mmoja kwa saa tatu na nusu hivi.

Tena iko mionzi ya angani, ambayo huku kwetu huzuiwa na hewa nene na nguvu ya sumaku ya ardhi. Ndiyo maana wataalamu wafikiria makazi ya huko yafukiwe chini ya udongo. Yaani, mwenye kuhamia Mirihi atakuwa mchimbaji asiyepanda juu.

Je, dini yakataza safari hizo? La. Mwaka 2007 Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alipokwenda Kituo cha Kimataifa cha Anga katika mwezi wa Ramadhani, wanazuoni wa nchi yake walimwandalia mwongozo: nyakati za swala zifuate mahali alipoondokea, na kibla kwa kadiri ya uwezo, hata kuielekea ardhi yenyewe. Sultan Al Neyadi wa Falme za Kiarabu naye alikaa huko karibu miezi sita mwaka 2023. Kuzitafakari mbingu ni ibada, na elimu yake ni heri.

Kilichonisumbua katika swali la kijana ni neno moja: “ikiharibika”. Alilitamka kana kwamba ni jambo la kawaida. Wala si ajabu. Anayaona maduara yaliyoachwa wazi, miti iliyokatwa kwa ajili ya matimba, na zebaki inayochomwa jikoni karibu na watoto wachanga, ilhali moshi wake hudhuru neva na figo. Qur’ani imetukataza kufanya uharibifu katika ardhi baada ya kutengenezwa kwake; haikutuahidi ardhi ya akiba.

Wazazi, watoto wakiuliza habari za sayari, tusiwanyamazishe. Tuwafundishe, na wanaoweza wawe wahandisi wa vyombo hivyo. Lakini jioni hiyo hiyo tuitoe zebaki jikoni, na duara lililokwisha tulifukie.

Wabillahi tawfiq.