Barabara ya Umma Isiwe Mali ya Wachache

Barabara ni mali ya umma. Hujengwa kwa fedha ya wananchi na kwa jasho la wafanyakazi, na mwenda kwa miguu ana haki juu yake sawasawa na mwenye gari. Kwa hiyo, zinapotokea kampuni zinazounda magari yanayojiendesha yenyewe, na pakatakiwa barabara zigeuzwe ili ziyafae magari hayo, yatupasa kuuliza: nani alipe, na nani afaidi?

Nchi ya Marekani imekwisha kulijaribu jambo hili. Mwaka 1991 Bunge lake lilipitisha sheria iliyoiagiza serikali itengeneze mfano wa barabara ya magari yasiyohitaji mkono wa dereva. Mwezi Agosti 1997, karibu na mji wa San Diego, magari yalionyeshwa yakienda kwa msafara, yakiongozwa na sumaku zilizofukiwa barabarani. Watu walistaajabu na kupiga makofi. Lakini muda si mrefu serikali ikaacha kuugharimia mpango huo, ukafungwa kabla mfanyakazi hata mmoja hajapata kwenda kazini kwa njia hiyo.

Yaliyofuata yana mafunzo makubwa. Tangu Oktoba 2020, katika mji wa Phoenix, kampuni ya Waymo huchukua abiria wa kawaida katika magari yasiyo na dereva, na hupita katika barabara zile zile wanazopita watu wote. Gari lenyewe ndilo lililobeba kamera na vyombo vya kupimia njia. Hakuna sumaku iliyofukiwa chini. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kumbe mwenye kutafuta faida aweza kuubeba mzigo wake mwenyewe!

Hatusemi kwamba umma usitoe hata senti moja. Mwezi Desemba 2023 serikali kuu ya Marekani ilitoa mwongozo mpya wa alama za barabarani, wenye sehemu nzima inayohusu magari haya. Mstari mweupe unaoonekana vyema huisaidia mashine, lakini humsaidia pia mzee anayeendesha gari usiku wa mvua. Fedha ya namna hiyo haipotei, kwa maana faida yake ni ya wote.

Jambo gumu ni njia ya pekee. Mwezi Agosti 2020 Gavana Gretchen Whitmer wa jimbo la Michigan alitangaza mpango wa njia ya magari hayo, kiasi cha maili 40, baina ya Detroit na Ann Arbor, kwa kushirikiana na kampuni ya Cavnue. Ilielezwa kwamba yangetangulia mabasi na magari ya kuchukua watu wengi, kisha yafuate ya mizigo na ya watu binafsi. Utaratibu huo twauona kuwa mwema, maana basi moja huchukua wengi. Lakini ahadi ya mdomo haitoshi. Haki ya basi kutangulia yafaa iandikwe katika mkataba, la sivyo kesho mwenye fedha atapita na mfanyakazi atasubiri kando.

Tena tuitazame kodi. Serikali kuu ya Marekani hutoza senti 18.4 kwa kila galoni ya petroli, na kiwango hicho hakijapandishwa tangu mwaka 1993. Gari la umeme halitumii petroli, basi kodi hiyo halilipi. Hivyo teksi ya umeme isiyo na dereva hupita bila kuilipa, hali fundi mwenye gari kuukuu huilipa kila anapojaza tangi. Huo si usawa. Nasi Tanzania tuna Mfuko wa Barabara unaotegemea tozo ya mafuta. Kila alipaye nauli ya daladala huuchangia, ajue asijue. Swali hili basi si la Wamarekani peke yao.

Na dereva je? Mwaka 2023 Bunge la California lilipitisha mswada wa kutaka kila lori kubwa linalojiendesha liwe na mtu ndani. Chama cha wafanyakazi cha Teamsters kiliuunga mkono kwa nguvu, lakini Gavana Gavin Newsom aliukataa. Dereva wa lori ni mlipa kodi. Si haki kodi yake itumike kuitengenezea njia mashine itakayompokonya mkate, naye asiulizwe neno.

Sisi hatuzipingi mashine. Trekta limempunguzia mkulima taabu ya jembe, na hakuna anayelililia jembe. Twasema tu kwamba fedha ya umma itumike kwa lile linalowafaa wote. Mwenye kutaka njia yake peke yake ailipie. Kila gari, liwe la petroli au la umeme, lichangie barabara. Na wafanyakazi waitwe kikaoni kabla ya mkataba kutiwa sahihi, si baada yake.

Wanachama na wafanyakazi, tuyashike haya mapema. Barabara tumeijenga sote, na ibaki yetu sote.