Mgodi Hauishii Kwenye Uzio Wake

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa jeshi na wa polisi mnaotusikiliza makambini, vituoni na kwenye malindo ya mipakani. Mazungumzo yetu ya leo kuhusu nchi jirani yanagusa jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kudhaniwa kuwa ni la mameneja na wahasibu peke yao. Jambo lenyewe ni hili: kampuni au shirika la umma hulipimaje lile lililo nje ya uwezo wake, ambalo halikuliumba wala halilitawali, lakini ambalo laweza kulineemesha au kuliangamiza? Tutalitazama jambo hilo katika historia ya jirani yetu Zambia na migodi yake ya shaba.

Askari hana haja ya kuelezwa maana ya upelelezi. Kamanda aweza kuwa na kikosi kilichofunzwa vizuri, bunduki safi na chakula cha kutosha, na bado akashindwa kwa kuwa hakujua kwamba mto ulio mbele umefurika, au kwamba daraja analolitegemea liko katika mikono ya adui. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka huuliza maswali mbalimbali: ardhi ikoje, mvua itanyesha lini, wananchi wa pale wanatuonaje, adui ana nguvu gani, na ugavi wetu utapita wapi. Mwaka 1967 msomi wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, Francis Aguilar, alitoa kitabu kilichohimiza wakuu wa makampuni kufanya upelelezi wa namna hiyo hiyo. Tangu wakati huo wataalamu wa uongozi wamezoea kuyagawa mambo ya nje katika mafungu: siasa, uchumi, hali ya jamii na maendeleo ya ufundi, na baadaye wakaongeza sheria na mazingira ya asili. Karibu zaidi na lango la kampuni huwatazama wanunuzi, wauzaji wa vifaa, washindani, na bidhaa nyingine zinazoweza kushika nafasi ya bidhaa yake.

Mafungu hayo yakibaki kwenye karatasi hayana faida. Tuyaone basi yalivyokuwa katika migodi ya Kitwe, Chingola, Mufulira na Luanshya.

Zambia ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, shaba ndiyo iliyoleta zaidi ya sehemu tisa katika kila kumi za fedha zake za kigeni. Migodi ilikuwa chini ya makampuni makubwa mawili, Anglo American na Roan Selection Trust. Ndani ya uzio mambo yalikwenda vizuri: madini yalikuwa mazuri, mitambo ilifanya kazi, na mwaka 1969 shaba iliyotolewa ilizidi tani 700,000. Mtu aliyevikagua vitabu vya hesabu peke yake angesema kwamba hapa pana kampuni yenye afya.

Lakini tutoke nje ya uzio. Shaba ilisafiri kwa reli kupitia Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, hadi bandari ya Beira katika Msumbiji iliyokuwa bado chini ya Wareno. Makaa ya mawe ya kuyeyushia shaba yalitoka Wankie, humo humo Rhodesia. Mafuta ya petroli yalipitia huko huko. Umeme ulitoka bwawa la Kariba, ambalo ni mali ya nchi zote mbili, lakini mitambo ya kufua umeme ilikuwa imewekwa upande wa kusini tu wa mto Zambezi. Kwa maneno mengine, nyumba ilikuwa ya Zambia, lakini funguo zake zote zilikuwa katika mfuko wa jirani mmoja.

Tarehe 11 Novemba 1965 jirani huyo alionyesha tabia yake. Ian Smith na walowezi wenzake walijitangazia uhuru wa kuwakandamiza Waafrika walio wengi. Uingereza ilipoweka vikwazo vya mafuta dhidi ya Rhodesia mwezi uliofuata, Smith naye aliikatia Zambia mafuta. Ndege ziliyabeba mafuta katika mapipa, pipa kwa pipa, na malori yakaihangaikia barabara ya vumbi na matope kutoka Dar es Salaam, ambayo madereva waliipa jina la njia ya jehanamu. Migodi ile ile, wachimbaji wale wale, shaba ile ile. Kilichobadilika kilikuwa siasa ya nchi nyingine.

Zambia haikukaa ikilia. Ilifungua machimbo yake ya makaa ya mawe huko Maamba. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilimalizika mwaka 1968. Umeme wa Kafue ulianza kupatikana mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mataifa ya Magharibi yaliposema kwamba reli ya kwenda Dar es Salaam haitalipa, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba na China mwaka 1967. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na mwezi Julai 1976 reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa kwa wenyewe.

Tahadhari hiyo ilithibitika kuwa ya haki. Januari 1973 Smith alifunga mpaka wake na Zambia, akiruhusu shaba pekee ipite kwa sababu ushuru wake ulimnufaisha. Rais Kaunda aliikataa ruhusa hiyo. Smith alipoufungua mpaka mwezi uliofuata, Zambia iliuacha umefungwa kwa upande wake. Hapa pana jambo la kuzingatia. Kuyachunguza mambo ya nje si kutafuta faida tu, wala si kupiga magoti mbele ya kila mwenye nguvu. Taifa laweza kuchagua njia ngumu kwa ajili ya utu na ukombozi wa wenzake. Lakini ni lazima lijue bei ya uchaguzi huo, na lijue itatoka wapi.

Bei hiyo ilikuwa kubwa. Shaba ilielekezwa magharibi, kwa reli ya Benguela hadi bandari ya Lobito. Lakini Agosti 1975 vita vya Angola vikaifunga reli hiyo pia. Mwaka 1978 Zambia ililazimika kuifungua tena njia ya kusini ili kupata mbolea. Na Oktoba 1979 majeshi ya Rhodesia yalilipua daraja la TAZARA kwenye mto Chambeshi, kaskazini mwa Zambia. Askari watalielewa jambo hilo haraka kuliko wahasibu: adui hakuugusa mgodi hata mmoja, alipiga daraja lililo mbali na migodi, naye alijua kwamba pigo litasikika Kitwe.

Hayo yalikuwa mambo ya siasa. Uchumi nao ulikuwa na pigo lake. Aprili 1974 bei ya shaba katika soko la London ilipanda kuliko wakati wowote uliotangulia. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeanguka kwa zaidi ya nusu. Zambia, Chile, Peru na Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zilikuwa zimeanzisha umoja wao wa wauzaji wa shaba, CIPEC, tangu mwaka 1967. Zilipunguza kiasi cha shaba zilichouza ili bei ipande. Haikupanda vya kutosha. Marekani, Kanada na Urusi ya Kisovieti zilichimba shaba zao wenyewe nje ya umoja huo. Shaba kuukuu iliyeyushwa upya ikauzwa. Nyaya nyingi za umeme zilikuwa za alumini. Na baadaye nyuzi za kioo zikaanza kubeba sauti za simu mahali pa nyaya za shaba. Wauzaji wanne walihesabu nguvu zao wenyewe, wakasahau kuzihesabu njia alizokuwa nazo mnunuzi.

Mwaka 1982 migodi yote iliunganishwa kuwa shirika moja, ZCCM. Shirika hilo halikuwa la kuchimba tu. Liliendesha hospitali, nyumba, shule na vilabu vya michezo, na familia za wachimbaji zililitegemea tangu kuzaliwa hadi kuzikwa. Bei ilipobaki chini mwaka baada ya mwaka, fedha za kununua vipuri zikapungua, na pia shimo la ndani likawa kubwa. Kufikia mwaka 2000 shaba iliyotolewa ilikuwa tani zipatazo 250,000 tu. Migodi iliuzwa, na maelfu ya wafanyakazi walipoteza kazi. Ndipo ionekanavyo kwamba maneno haya ya mazingira ya nje si maneno ya darasani. Mwisho wake ni sufuria tupu katika nyumba ya mchimbaji.

Msidhani kwamba ni mashirika ya umma peke yake yanayokosea. Anglo American ilirudi mwaka 2000 kuichukua migodi ya Konkola. Januari 2002, bei ikiwa chini, ilitangaza kwamba inaondoka. Miaka michache baadaye viwanda vya China vilihitaji shaba kwa wingi, na Mei 2006 bei ilizidi dola 8,000 kwa tani, mara tano ya ile ya mwaka 2002. Kampuni ya Vedanta, iliyochukua sehemu kubwa ya migodi hiyo mwaka 2004, iliukuta upepo ambao mwenzake hakuungoja. Kampuni yenye wataalamu wengi na uzoefu wa miaka mingi iliitazama bei ya siku ile, ikaidhania kuwa ndiyo bei ya siku zote.

Reli yetu ya TAZARA nayo ina somo lake, na ni vema tuliseme bila kuficha. Reli hiyo ilijengwa kwa ajili ya mpaka uliofungwa. Zimbabwe ikawa huru tarehe 18 Aprili 1980, na utawala wa makaburu ukaondoka Afrika Kusini mwaka 1994. Huo ulikuwa ushindi wetu sote. Lakini ushindi huo uliufungua upya upande wa kusini, malori nayo yakazidi, na reli ikakuta kwamba sababu iliyoizaa imekwisha bila yenyewe kujiandaa kwa kazi mpya. Ilijengwa kubeba tani 2,000,000 kwa mwaka. Katika mwaka wa 2014/15 haikufikisha hata tani 100,000. Habari njema huweza kulidhuru shirika lisiloangalia nje, sawasawa na habari mbaya. Septemba 2024 serikali za China, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mjini Beijing hati ya maelewano juu ya kuifufua. Hata hivyo ramani si ile ya mwaka 1976, kwa maana reli ya Lobito nayo imejengwa upya baada ya vita vya Angola, na inaitafuta shaba ile ile.

Hatimaye yako mazingira ya asili. Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema aliutangaza ukame kuwa janga la taifa. Maji ya Kariba yalipungua sana, umeme ukawa haba, na migodi ikalazimika kununua umeme kutoka nje. Mwaka 1965 tatizo la Kariba lilikuwa mtu. Mwaka 2024 lilikuwa mvua. Aliyejiandaa kwa adui wa jana tu alikuwa nusu amejiandaa.

Ndugu wasikilizaji, katika safari hiyo ndefu tunaweza kuchukua maswali matatu, ambayo kiongozi wa kampuni, wa shirika au wa kikosi yampasa kujiuliza kila mara. La kwanza: ni jambo gani la nje tunaloweza kulibadili, peke yetu au pamoja na marafiki? Zambia haikuweza kumwondoa Smith kwa siku moja, lakini kwa kushirikiana na Tanzania na China iliweza kupata njia nyingine ya baharini. La pili: ni lipi tusiloweza kulibadili, bali tunaweza kuliwekea akiba? Bei ya London na mvua ya Zambezi ni ya namna hiyo. La tatu: ni wapi tunategemea mlango mmoja tu? Swali hili la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi, kwa sababu mlango mmoja huwa rahisi na wa gharama ndogo mpaka siku ufungwapo.

Na nani huyaona mambo ya nje kwanza? Mara nyingi si mkuu aliye ofisini. Ni polisi wa Tunduma anayeona msururu wa malori umerefuka isivyo kawaida. Ni askari alindaye daraja anayeona mto umepungua kabla ya wakati wake. Ni karani wa bandari. Taarifa zao zisipoandikwa, au zikiandikwa zikalala katika jalada, upelelezi haujafanyika. Kiongozi asiyetaka kusikia habari mbaya hujipofusha mwenyewe, na akishajipofusha hana wa kumlaumu.

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Jirani yetu amenyolewa zaidi ya mara moja, na kila mara wembe ulitoka upande mwingine. Nasi pia tuna bandari, reli, migodi na mabwawa yanayotegemea mambo yaliyo mbali na malango yake. Kuvilinda si kusimama langoni na bunduki tu. Ni kujua pia ni nini kinachokuja barabarani.