Kiklamath-Modoc: Wasomi waliandika, wazee ndio waliosema

Agosti 1954 Rais Dwight Eisenhower alitia saini sheria iliyolifuta kabila la Waklamath katika madaftari ya serikali ya Marekani. Watu wenyewe walikuwapo, wakila, wakizaa na kuzikana kama kawaida kusini mwa jimbo la Oregon, ila kwa macho ya sheria kabila lao lilikuwa limeandikiwa mwisho. Utekelezaji ulikamilika 1961. Eneo lao la hifadhi likavunjwa, na sehemu kubwa ya misitu yao ya misonobari, ambayo ilikuwa imewafanya wajitegemee kuliko makabila mengi ya wenyeji nchini humo, ikageuzwa msitu wa taifa.

Ni katika miaka hiyo hiyo, kati ya saini na utekelezaji, mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikwenda kukaa na wazee wa kabila hilo na kuandika lugha yao. Aliitwa Muhammad Abd-al-Rahman Barker, Mmarekani aliyesilimu alipokuwa masomoni India. Msimamizi wake alikuwa Mary Haas, mama aliyelea kizazi kizima cha wanaisimu wa lugha za wenyeji wa Marekani. Kazi hiyo ilizaa vitabu vitatu: masimulizi na kamusi mwaka 1963, kisha sarufi mwaka 1964. Karibu kila kilichoandikwa baadaye kuhusu lugha hii kimesimama juu ya vitabu hivyo.

Lugha yenyewe ina lahaja mbili zinazosikilizana vizuri. Kiklamath kilizungumzwa kuzunguka ziwa Upper Klamath na mito inayoliingia, na Kimodoc upande wa kusini, hadi kaskazini mwa California. Wenyewe huiita maqlaqsyals. Ndugu zake wa karibu hawajulikani kwa hakika. Edward Sapir aliiingiza katika kundi kubwa la Penutia mwaka 1921, na wanaisimu wa sasa, Scott DeLancey wa Chuo Kikuu cha Oregon akiwa mmoja wao, huiona jirani wa Kisahaptin na Kinez Perce. Mjadala huo haujafungwa, nami sitaushughulikia hapa.

Kabla ya Barker alikuwapo Albert Gatschet, Mswisi aliyehamia Marekani na kuajiriwa na ofisi ya ethnolojia ya Smithsonian mjini Washington. Kazi yake haiwezi kutenganishwa na damu iliyomwagika. Mwaka 1864 Waklamath, Wamodoc na kundi la Yahooskin walitia saini mkataba uliowanyang'anya zaidi ya ekari milioni 20. Wamodoc wakabanwa katika hifadhi moja na Waklamath, hawakuweza kuishi hapo, na wengine wakarudi kwao chini ya kiongozi wao Kintpuash, ambaye Wazungu walimwita Captain Jack. Vita vikazuka mwishoni mwa 1872. Wapiganaji wapatao hamsini hivi walijificha katika majabali ya lava na kulizuia jeshi lenye askari mamia kwa miezi kadhaa. Jenerali Edward Canby aliuawa katika mkutano wa suluhu, Aprili 1873. Oktoba mwaka huo Kintpuash na wenzake watatu walinyongwa, na Wamodoc 153 wakapakiwa kwenye treni na kupelekwa uhamishoni, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Oklahoma.

Mkalimani wa mazungumzo yale alikuwa mwanamke wa Kimodoc, Toby Riddle, ambaye wengi humjua kwa jina la Winema. Alimwonya Canby kwamba asiende, akapuuzwa. Miaka michache baada ya vita, Toby na mwanawe Jeff ndio waliokaa na Gatschet na kumsimulia kwa Kimodoc. Habari za vita zikaandikwa kwa lugha ya walioshindwa, kutoka kinywani mwa mtoto aliyeviona. Mwaka 1877 Gatschet akafunga safari hadi Oregon kuendelea na Waklamath, na mwaka 1890 ikatoka kazi yake yenye kurasa zaidi ya elfu moja: masimulizi, sarufi na kamusi. Ndani yake aliwataja waliomfundisha kwa majina, akina Dave Hill na Minnie Froben. Jambo hilo la majina nitalirudia.

Basi walichoandika kina nini ndani yake? Nichukue mfano mmoja ambao mzungumzaji wa Kiswahili ataushika mara moja. Sisi tukitaka kusema kwamba mtu amesababisha tendo, tunaongeza kiambishi mwishoni mwa mzizi, na irabu ya kiambishi hicho huangalia irabu ya mzizi kabla ya kukaa. Tunasema pikisha, fundisha, rudisha; lakini chekesha, somesha. Hakuna mtoto wa Tanga au Lamu anayefundishwa kanuni hiyo, na hakuna anayeikosea. Kiklamath hufanya jambo hilo hilo kwa kuanzia upande wa pili. Kiambishi cha kusababisha hukaa mbele, na irabu yake hunakili ile ya mzizi. Kuamka kutoka kitandani ni batgal. Kumwamsha mtu ni snabatgal. Kufanya kitu kiwe cheusi ni snobo:stgi, kwa kuwa mzizi una o. Lugha mbili zisizojuana hata kidogo, zenye bara na bahari kati yake, zimefikia utaratibu wa namna moja. Kwangu mimi hilo peke yake linatosha kumwonyesha mtu kwa nini lugha ndogo isihesabiwe kuwa ndogo.

Lipo jambo jingine lililomvutia Gatschet, nalo ni kurudufisha. Kiklamath hurudia mwanzo wa neno kuonyesha kwamba tendo limemhusu kila mmoja kwa nafasi yake, au limetokea hapa na pale, kila mahali kwa wakati wake. Sisi hurudia neno zima, wapange wawili wawili, wape kidogo kidogo, na maana haiko mbali.

Kisha kuna vitenzi vyake, ambavyo ndivyo hazina kubwa. Ngeli zetu hukaa katika nomino. Kiklamath hakina ngeli za namna hiyo, lakini vitenzi vyake vingi haviwezi kutamkwa mpaka ujue kitu kinachoshughulikiwa kina umbo gani. Kumpa mtu kitu cha mviringo si kitenzi kile kile cha kumpa kitu bapa, na kumkabidhi mtoto ni kingine tena. Nusu ya kwanza ya kitenzi hubeba umbo la kitu au namna ya kukishika, na nusu ya pili husema kimekwenda wapi: ndani, juu ya kingine, majini. DeLancey ametumia miaka mingi kueleza vitenzi hivi vya vipande viwili. Ukivisoma kwa utulivu unaona jamii iliyoishi kwa kutazama vitu kwa makini, watu wa samaki, mitumbwi na mbegu za yungiyungi za ziwani walizokusanya na kusaga.

Sauti zake nazo si nyepesi. Ziko konsonanti zinazofyatuliwa kwa koo lililofungwa, ambazo mzungumzaji wa Kiiraqw wa Mbulu atazitambua kwa sababu kwao zipo mbili. Kutokana na jinsi sauti hizo zinavyobadilika na irabu zinavyodondoka viambishi vinapoungana, Kiklamath kikawa uwanja wa mabishano ya wananadharia wa fonolojia. Mwaka 1972 Charles Kisseberth alichapisha makala mashuhuri juu yake, na wengine wakafuata kwa miongo miwili, wengi wakitegemea kamusi na sarufi ya Barker.

Kisseberth huyo huyo anatuhusu sisi moja kwa moja. Ndani ya miaka miwili alikuwa akiandika kuhusu Chimwiini, lahaja ya Kiswahili ya mji wa Barawa, kusini mwa Somalia. Safari hii hakutegemea vitabu vya mtu mwingine. Aliandika pamoja na Mohammad Imam Abasheikh, mzaliwa wa lugha hiyo, ambaye aliendelea hadi kupata udaktari katika Chuo Kikuu cha Illinois kwa tasnifu kuhusu sarufi ya Chimwiini. Mwaka 2004 majina yao mawili yalikaa pamoja kwenye leksikoni ya lahaja hiyo iliyochapishwa Tokyo. Wakati huo vita vya Somalia vilikuwa vimekwisha kuwatawanya watu wa Barawa hadi Mombasa, Ulaya na Marekani. Kazi ile ilikuwa imeanza mapema, na mwenye lugha alikuwa mwandishi. Tofauti na yaliyowapata wazee wa Klamath ni kubwa, na haipaswi kupita bila kusemwa.

Gatschet aliwataja walimu wake. Lakini fungua makala za nadharia zilizofuata: utamkuta Barker, utamkuta Kisseberth, na wale waliotamka snabatgal kwa mara ya kwanza mbele ya msomi hutawaona. Chanzo cha maarifa kimegeuzwa data, na aliyeandika amechukua nafasi ya aliyesema.

Hili lina uzito zaidi kwa Barker mwenyewe. Baadaye alifundisha Kiurdu Montreal na Minnesota, akajulikana pia kwa ulimwengu wa kubuni uitwao Tékumel. Alifariki 2012. Miaka kumi baadaye taasisi inayotunza kazi zake hizo ilithibitisha kwamba kwa jina la kuficha aliwahi kuandika riwaya ya kuwatukuza Wanazi. Habari hiyo iliwaumiza wengi, na ilistahili kuwaumiza. Je, kamusi nayo itupwe? Hapana, kwa sababu kamusi haikuwa mali yake. Maneno yale ni ya wazee waliomketisha na kumvumilia siku baada ya siku, wakati serikali ikiwaambia kwamba kabila lao limekwisha.

Serikali yenyewe ilirudi nyuma. Mwaka 1978 iliwatambua tena Wamodoc wa Oklahoma, na mwaka 1986 Waklamath, bila kuwarudishia ardhi. Lugha haikuweza kungoja. Mwanzoni mwa karne hii mzee wa mwisho aliyeisema tangu utotoni alikuwa ameaga dunia.

Kinachofanyika leo kinafanywa na kabila lenyewe, lenye makao yake Chiloquin, Oregon. Wanafundishana maqlaqsyals kwa kutumia vitabu vilivyoandikiwa maktaba za vyuo vikuu. Kila mwaka mwezi Machi hukusanyika kumkaribisha c'waam, samaki wa ziwa lao anayepanda mto kutaga, na jina lake huandikwa na kutamkwa kwa ile sauti ya kufyatua. Samaki huyo amekuwa katika orodha ya viumbe walio hatarini tangu 1988. Mwaka 2024 mabwawa manne ya mto Klamath yalimaliza kubomolewa, na salmoni wakapanda tena hadi Oregon kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka mia moja. Watu waliopigania mto kwa muda mrefu namna hiyo sitegemei waiache lugha.

Nawaandikia hasa wanafunzi wa isimu wa Dar es Salaam, Dodoma, Nairobi na Kampala, mnaokwenda vijijini na vinasa sauti kukusanya Kihadza, Kidahalo au lahaja ya pwani iliyobaki na wazee wachache. Ikiwa mzee ameridhia, andika jina lake mahali linapoonekana, kwenye jalada na si katika tanbihi. Akiwa na mjukuu anayeweza kusoma, mfanye mwandishi mwenza. Na kabla tasnifu haijafika maktaba ya chuo, nakala moja ya sauti na ya maandishi ikae kwanza kijijini ulikoitoa.