Kutengeneza si kugeuza
Nawasikia mafundi wakitumia kitenzi ‘tengeneza’ kwa kila kazi ya pikipiki. Kitenzi hiki kimetokana na ‘tengenea’, yaani kuwa katika hali nzuri. Kubadilisha plagi au breki zilizolika ni kutengeneza. Lakini ukiifunga Yamaha RD350 ya 1973 ekzosi ya mashindano, si umeigeuza? Injini hiyo ya mipigo miwili sasa huvuta hewa zaidi. Tundu la petroli kwenye kabureta lisipopanuliwa, petroli haitoshi, pistoni hupata joto kupindukia na huweza kukwama ndani ya silinda. Gurudumu la nyuma nalo hujifunga ukiwa mbioni. Basi fundi akikwambia “nimeitengeneza”, muulize: umeirudisha ilivyokuwa ama umeigeuza? Na kabureta je?