Je, Uasi wa Silaha Waweza Kutokea Penye Demokrasia?

Swali hili huulizwa mara kwa mara: je, nchi yenye vyama vingi, Bunge na kura yaweza kuingia katika uasi wa raia wenye silaha? Wapo wajibuo upesi kwamba haiwezekani, kwa kuwa mwenye kura hana haja ya bunduki. Jibu hilo lasahau mambo yaliyotukia karibu sana na kwetu. Kwanza lakini yafaa tutenganishe: maandamano, hata yakiishia katika fujo, si uasi wa silaha. Uasi wa silaha ni wa watu waliojipanga, wenye makamanda na bunduki, wanaokusudia kuiondoa serikali.

Msomaji wa Karagwe au Kyerwa hana haja ya kwenda mbali. Akisimama Murongo aiona Uganda ng'ambo ya Mto Kagera. Desemba 1980 Waganda walipiga kura katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu 1962, majeshi ya Tanzania yakiwa bado nchini humo baada ya kumwondoa Idi Amin mwaka 1979. Kura zikiwa bado zinahesabiwa, Paulo Muwanga, mwenyekiti wa Tume ya Kijeshi iliyotawala, alijitwalia peke yake mamlaka ya kutangaza matokeo. Chama cha UPC cha Milton Obote kikatangazwa mshindi. DP kililalamika kwamba kimeibiwa, lakini wabunge wake wakaingia bungeni. Yoweri Museveni, ambaye chama chake cha UPM kilipata kiti kimoja tu, alishika njia nyingine: tarehe 6 Februari 1981 aliishambulia kambi ya kijeshi ya Kabamba akiwa na kikundi kidogo chenye bunduki 27.

Lalamiko lilikuwa moja, njia zikawa mbili. Naona sababu haikuwa ukubwa wa hasira, maana DP kilikuwa na wafuasi wengi kuliko UPM. Museveni alikuwa na wapiganaji aliowaongoza dhidi ya Amin. DP hakikuwa na jeshi. Na wote wawili hawakuwa na mwamuzi waliyemwamini.

Vita hivyo vilidumu hadi Januari 1986. Miongoni mwa wapiganaji walikuwamo wakimbizi wa Kinyarwanda, akiwamo Fred Rwigyema. Tarehe 1 Oktoba 1990 yeye na wenzake waliingia Rwanda kupitia Kagitumba, panapokutana mipaka ya nchi tatu, ng'ambo tu ya Kyerwa. Sisemi kwamba kura ya 1980 ndiyo iliyoleta mauaji ya kimbari ya 1994. Hayo yana mizizi yake. Ila bunduki zilizoshikwa kwa ajili ya shauri moja hazikurudi ghalani shauri hilo lilipokwisha, na wakimbizi waliofurika Ngara na Karagwe mwaka 1994 walipokewa na watu wasiohusika kabisa na shauri lenyewe.

Mapokeo yetu ya Kilutheri hayana neno moja tu hapa. Ungamo la Augsburg la 1530, katika ibara ya 16, lafundisha kuitii serikali isipokuwa iamurupo dhambi. Mwaka 1525 Luther aliwalaumu vikali wakulima walioshika silaha, ingawa mapema mwaka huohuo alikuwa amewaambia watawala kwamba baadhi ya madai yao ni ya haki. Wachungaji wa Magdeburg, mwaka 1550, walikwenda mbele zaidi: viongozi wa ngazi za chini waweza kuwakinga watu dhidi ya mtawala dhalimu. Hata hao hawakumkabidhi upanga raia wa kawaida.

Nchini Kenya, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, upinzani ulikataa kwenda mahakamani kwa kutoziamini mahakama. Waliouawa walizidi 1,100. Katiba ya 2010 ikaunda Mahakama ya Juu, nayo mwaka 2017 ikabatilisha uchaguzi wa rais.

Kwetu, ibara ya 41(7) ya Katiba ya 1977 yakataza mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa rais aliyekwisha kutangazwa. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba katazo hilo lakiuka Mkataba wa Afrika. Uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 ulifanyika ibara hiyo ikiwapo, na mwenyekiti wa CHADEMA akiwa mahabusu kwa shtaka la uhaini. Maandamano yakazuka, watu wakauawa. Kwa kipimo tulichokiweka mwanzoni, huo haukuwa uasi wa silaha. Lakini wenye lalamiko, kama wale wa Kampala mwaka 1980, hawakuwa na mwamuzi wa kumwendea.